Je, Wajua? Nani Huamua Dawa Ipi Iitwe ya Kulevya

Je, wajua kwamba dawa haiingii kwenye orodha ya dunia ya dawa za kulevya kwa sababu tu ni kali au inaua? Huingia kwa kura. Wapiga kura ni nchi 53 zinazounda Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, ambayo hukutana Vienna, Austria, kwa kawaida kila Machi. Tume hiyo iliundwa mwaka 1946 ikiwa na nchi 15 tu. Leo Afrika ina viti 11, sawa na Asia. Amerika ya Kilatini na Karibiani ina 10, Ulaya Mashariki 6, Ulaya Magharibi pamoja na nchi kama Marekani, Kanada na Australia 14, na kiti kimoja hupokezanwa kati ya Asia na Amerika ya Kilatini. Kila nchi hukaa miaka minne. Yanayoamuliwa humo hayabaki Vienna. Hufika hadi kwenye kabati la dawa la hospitali ya wilaya, na huko ndiko tunakopaswa kuyaangalia.

Je, wajua safari ya kufika kwenye kura hiyo huanza na barua? Nchi yoyote iliyoridhia mkataba, au Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe, humwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba kuna kitu kinachostahili kudhibitiwa, au kuondolewa katika udhibiti. Kazi ya kukipima hupewa kamati ya wataalamu wa utegemezi wa dawa ya WHO. Kamati hiyo ilikutana mara ya kwanza mwaka 1949, na tangu hapo imeshapitia dawa na kemikali zaidi ya 400. Mapitio ni ya hatua mbili: kwanza ya awali, kuona kama kuna jambo la kutazamwa, kisha ya kina. Wanauliza kemikali hii inafanya nini kwenye ubongo, ina sumu kiasi gani, mtu akiizoea ataweza kuiacha, watu wanaitumia vibaya wapi na kwa wingi gani. Halafu wanauliza: kuna mgonjwa anayeihitaji? Kwangu mimi hilo ndilo swali zito kuliko yote, na mara nyingi ndilo linalosahaulika tunapozungumzia dawa za kulevya majukwaani.

Mikataba yenyewe ni mitatu. Wa 1961 unahusu afyuni, koka, bangi na dawa zinazofanana nazo. Wa 1971 unahusu dawa zinazobadili hali ya akili, kama LSD, amfetamini na diazepamu. Wa 1988 unahusu biashara haramu pamoja na kemikali zinazotumika kutengenezea dawa hizo. Dawa hupangwa humo katika majedwali, kila moja na ukali wake.

Je, wajua kwamba Jedwali la Nne la mkataba mmoja ndilo kali kuliko yote, na Jedwali la Nne la mkataba mwingine ndilo jepesi kuliko yote? Katika mkataba wa 1961, Jedwali la Nne ni la dawa zinazohesabiwa kuwa na madhara makubwa na manufaa madogo ya tiba. Heroini imo humo. Katika mkataba wa 1971, Jedwali la Nne ni la dawa kama diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa fulani iko kwenye Jedwali la Nne, muulize kwanza ni la mkataba upi.

Je, wajua kwamba hata hesabu ya kura hutofautiana? Kwa mkataba wa 1961 unatosha wingi wa kawaida wa wanaopiga kura. Kwa mkataba wa 1971 zinahitajika theluthi mbili za wajumbe wote, yaani kura 36 kati ya 53. Uamuzi wa 1961 huanza kuifunga nchi mara inapopokea taarifa. Wa 1971 husubiri siku 180. Na tofauti kubwa zaidi ni hii: kwa mkataba wa 1961 Tume hubadili majedwali kulingana na pendekezo la WHO tu, inalikubali au inalikataa. Kwa mkataba wa 1971, WHO ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya mambo ya tiba na sayansi, lakini Tume inaruhusiwa kuweka kwenye mizani uchumi, jamii, sheria na utawala. Huo ndio mlango ambao siasa hupitia.

Je, wajua kwamba mkataba ulioipokonya Ujerumani koloni lake la Afrika Mashariki ndio huohuo ulioeneza sheria ya afyuni duniani? Mwaka 1909 nchi 13 zilikutana Shanghai kujadili afyuni, mwenyekiti wao akiwa askofu Charles Brent wa Ufilipino. Mwaka 1912 ukatiwa saini Mkataba wa Kimataifa wa Afyuni huko The Hague, lakini nchi nyingi zikawa zinavuta miguu kuuridhia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, waandishi wa Mkataba wa Versailles wa 1919 waliingiza kifungu cha 295: nchi inayoridhia amani, papo hapo imeridhia na mkataba wa afyuni.

Je, wajua kwamba madai ya kuidhibiti bangi duniani yalitoka Afrika? Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini iliuandikia Ushirika wa Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, ikitaka bangi, ambayo huko huitwa dagga, ihesabiwe pamoja na afyuni. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa Geneva uliokuwa umeitishwa kwa ajili ya afyuni na koka, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama akataka hashishi iongezwe. Mkutano ukakubali kuiweka bangi ndani ya mkataba wa 1925. Wengi hudhani vikwazo vya bangi ni fikra iliyoletwa Afrika kutoka ng'ambo. Kumbukumbu hazisemi hivyo.

Na karibu miaka mia moja baadaye? Desemba 2, 2020, Tume ilipigia kura pendekezo la WHO la kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la mkataba wa 1961, ilimokaa pamoja na heroini. Kura 27 ziliunga mkono, 25 zikapinga, nchi moja haikuegemea upande wowote. Kati ya nchi 11 za Afrika zilizokuwa kwenye Tume, ni Morocco na Afrika Kusini tu zilizosema ndiyo. Kenya, Nigeria, Misri na nyingine sita zilisema hapana. Hapa watu wengi walipotoshwa na vichwa vya habari. Bangi haikuhalalishwa. Ilibaki, na ipo hadi leo, katika Jedwali la Kwanza la mkataba huohuo, pamoja na mofini na kokeini. Kilichobadilika ni kwamba dunia ilikubali, kwa kura mbili za ziada, kwamba mmea huo una matumizi ya tiba yanayostahili kutambuliwa. WHO ilikuwa imeleta mapendekezo sita juu ya bangi. Ni hilo moja tu lililopita.

Je, wajua kwamba miraa haimo kwenye jedwali lolote la dunia? Hili linawahusu wengi wetu, basi tulitazame kwa utulivu.

Ndani ya jani la miraa, au mirungi kama waitavyo Tanzania, kuna kemikali mbili kuu: kathinoni na kathini. Kathinoni ndiyo yenye nguvu, na iko Jedwali la Kwanza la mkataba wa 1971, pamoja na LSD. Kathini ni hafifu zaidi, iko Jedwali la Tatu. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kugeuka kathini kadiri linavyonyauka. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Meru hufunga vitita kwa majani ya migomba na kuyakimbiza magari usiku kucha: mlaji anataka jani bichi, na ubichi huo ndio kathinoni. Lakini mmea wenyewe haumo kwenye orodha, kwa kuwa mkataba wa 1971 huorodhesha kemikali, wala mmea hauingii eti kwa sababu una kemikali hiyo ndani yake.

Suala la miraa si geni. Ripoti mbili juu yake zilifikishwa mbele ya kamati ya Ushirika wa Mataifa mwaka 1935. Kathinoni ilitambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa WHO iliipitia miraa kwa kina ikaamua kutopendekeza iorodheshwe.

Kwa kuwa dunia haikuamua, kila nchi imeamua yake. Tanzania imeipiga marufuku. Kenya, ng'ambo ya pili tu ya mpaka wa Namanga, iliitambua kisheria kuwa zao la biashara mwaka 2016. Uholanzi iliikataza mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014, na wakulima wa Nyambene, Kenya, wakapoteza soko kwa siku moja. Uganda iliikataza kwa sheria, chama cha wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso kikaenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi kutimia. Bunge ikabidi lianze upya. Na hata ndani ya Kenya hawakubaliani: Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, ambayo ni aina ya miraa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mpaka mahakama ikaingilia kati. Wazazi wa Pwani wanaolalamika kwamba vijana wao hawalali na hawafanyi kazi wanasema kweli. Mkulima wa Embu anayesema muguka ndiyo ada ya shule ya wanawe anasema kweli pia. Anayezungumzia jambo hili akiwa amemsikiliza mmoja tu kati yao hajamaliza kusikiliza.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 wanawake wanaojifungua kwa upasuaji vijijini walikaribia kupoteza dawa yao ya usingizi? Dawa hiyo ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Sifa yake ni kwamba mgonjwa hulala asisikie maumivu, lakini kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe na shinikizo lake la damu halianguki. Hospitali isiyo na mashine ya oksijeni, ambako umeme hukatika katikati ya upasuaji na ambako hakuna daktari bingwa wa usingizi, inaweza kumpasua mama akabaki salama. Kwenye vita, ajali na matetemeko ya ardhi, ndiyo dawa ya kwanza kufunguliwa.

Ketamini pia hutumiwa vibaya kwenye kumbi za starehe, hasa barani Asia, na China ilikuwa na sababu ya kusumbuka. Ikapeleka hoja kwamba iwekwe chini ya mkataba wa 1971, mwanzoni kwenye Jedwali la Kwanza, kisha ikalegeza hadi Jedwali la Nne. Kamati ya WHO ilikwisha kuipitia na kukataa mwaka 2006, ikarudia kukataa mwaka 2012 na 2014, kwa hoja ileile: kuidhibiti kimataifa kutawanyima usingizi wagonjwa wa nchi ambazo hazina dawa mbadala. Madaktari wa pande nyingi za dunia waliandika barua za kupinga. Machi 2015 Tume ikaahirisha kura, na mwaka huohuo kamati ya WHO ikasema tena: hapana. Ketamini imebaki nje ya orodha. Naamini huu ni mmoja wa maamuzi bora yaliyowahi kutoka kwenye mfumo huu, na wengi walionusurika kwa sababu yake hawajawahi kusikia jina la Vienna.

Mtu anaweza kusema kwamba Jedwali la Nne ni jepesi, lingedhuru nini? Tazama fenobabito. Ni dawa ya kifafa ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo iliyopendekezwa na WHO kwa nchi maskini. Iko kwenye Jedwali hilohilo la Nne la mkataba wa 1971. Kuiagiza hutaka vibali, leseni na taarifa zaidi ya dawa za kawaida, na wasambazaji wengi huona usumbufu huo haulipi kwa dawa inayouzwa senti chache.

Je, wajua kwamba tramadoli, ambayo inasumbua Afrika Magharibi na Kaskazini, nayo haimo kwenye orodha ya dunia? Misri imeidhibiti kwa sheria zake na imekuwa ikiomba dunia nzima ifanye hivyo. WHO imeipitia mara kadhaa, ikiwemo kwa kina mwaka 2018, na kila mara imesita. Sababu yake ni kwamba katika nchi nyingi ambako mofini haipatikani, tramadoli ndiyo dawa pekee ya maumivu makali iliyobaki dukani. Hapa sina hakika kama ya ketamini. Vidonge vinavyouzwa Niger na Nigeria kwa nguvu mara mbili ya kipimo cha hospitali vinaharibu watu, na mgonjwa wa saratani wa Niamey bado anaumwa.

Je, wajua kwamba mwenyekiti wa kamati ya wataalamu aliwahi kupinga uamuzi wa kamati yake? Mwaka 1985 kamati ilipendekeza MDMA, iitwayo mitaani ekstasi, iwekwe Jedwali la Kwanza. Mwenyekiti, daktari wa akili Paul Grof, alitaka uamuzi usubiri utafiti zaidi, na msimamo wake ukaandikwa ndani ya ripoti. Mwaka 1986 ikaorodheshwa.



Je, wajua kwamba nchi inaweza kujitoa kwenye mkataba kisha ikarudi kwa masharti yake? Wabolivia wametafuna majani ya koka tangu kale, lakini mkataba wa 1961 ulitaka desturi hiyo ikomeshwe katika muda wa miaka 25. Bolivia ikajitoa kuanzia Januari 2012, ikaomba kurudi na sharti kwamba watu wake waachwe watafune. Kulizuia sharti hilo, theluthi moja ya nchi wanachama zilitakiwa kupinga, yaani zaidi ya 60. Zilipinga 15. Mwaka 2013 Bolivia ikarudi. Na mkataba huohuo uliowakataza Wabolivia una kifungu cha 27, kinachoruhusu majani ya koka kutumika kutengenezea kionjo cha vinywaji, ilimradi kokeini imeondolewa. Kiwanda cha vinywaji kilikumbukwa tangu siku ya kwanza, na mtafunaji wa milima ya Andes akasubiri nusu karne. Hilo linanikera.

Je, wajua kwamba kemikali ya kuoshea vidonda iko kwenye orodha ya udhibiti? Ni potasiamu pamanganeti, ile ya zambarau, ambayo watengenezaji wa kokeini huitumia kuisafisha. Asetiki anhidridi, inayotumika viwandani kutengeneza aspirini, ndiyo inayogeuza mofini kuwa heroini. Efedrini na pseudoefedrini za dawa za mafua hugeuzwa methamfetamini. Hizi ndizo wanaoshughulika na udhibiti Tanzania huziita kemikali bashirifu. Zinaorodheshwa chini ya mkataba wa 1988, na anayezipima si WHO bali Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, yenye wajumbe 13 wanaokaa kwa nafsi zao wala si kwa niaba ya serikali zao.

Je, wajua kwamba wataalamu wa kemikali haramu huzikimbia orodha hizi kwa kubadili kipande kidogo tu cha kemikali? Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu imeshaandikisha dawa mpya za namna hiyo zaidi ya 1,200. Nyingine si mpya hata kidogo. Jamii ya nitazini ilibuniwa Uswisi miaka ya 1950 kama dawa za maumivu, ikaachwa kwa kuwa ni hatari mno, na sasa imefufuliwa. Isotonitazini iliorodheshwa mwaka 2021, na wenzake wamekuwa wakifuata mmojammoja. Nchini Sierra Leone, ambako rais alitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa ajili ya mchanganyiko uitwao kush, vipimo vimekuta nitazini humo. Kura za mikutano ya kila mwaka ni za polepole mno kwa kasi hiyo.

Je, wajua kwamba mkataba wa 1961, tunaoujua kwa makatazo, hutamka mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu na kwamba lazima zipatikane kwa ajili hiyo? Methadoni iko Jedwali la Kwanza. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa dawa hiyo waraibu wa heroini, na wengi wamerudi kazini na kwenye familia zao. Mofini iko Jedwali hilohilo. Nchini Uganda, taasisi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman ilianza kuchanganya unga wa mofini na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kwake bila sindano. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na daktari.

Na je, wajua kiasi cha mofini kinachoingia nchini mwako hukadiriwa na nani? Si Vienna. Kila mwaka serikali yenyewe huipelekea ile Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti makadirio ya mahitaji yake, na nchi hairuhusiwi kuagiza zaidi ya hapo. Nchi ikikadiria wagonjwa wachache, wanaozidi watakosa. Lakini mkataba unaruhusu makadirio ya nyongeza, na serikali yoyote inaweza kuyapeleka mwezi wowote, mwaka wowote, kwa kueleza tu kilichobadilika.